Mfupa wa Samaki na Mkebe wa Maziwa Uliorudishwa
Namna ya kuchora shida ili kikundi kizima kiione

Hakuna mkulima apendaye kuona mkebe wake wa maziwa ukirudishwa nyumbani. Mtu ameamka gizani, ng'ombe amelishwa na kukamuliwa, na mwisho wa kazi yote hiyo ni maziwa ya kumwagia mbwa. Fedha za siku hiyo zimepotea, lakini deni la chakula cha ng'ombe liko pale pale. Mkebe mmoja ukirudi, twaweza kusema ni bahati mbaya. Mikebe ikirudi kila juma, chama chote kimo hatarini, kwa maana mnunuzi hatakosa kutafuta maziwa mahali pengine.

Linalofuata ni mkutano, na sisi sote twaijua mikutano ya namna hiyo. Mmoja husimama akasema mchukuzi wa maziwa ni mvivu. Wa pili husema kuna watu wanaotia maji, tena anawajua. Wa tatu humlaumu karani anayepima. Wa nne hukumbusha maneno ya mwaka juzi. Katika skimu zetu majirani wengi walitoka wilaya mbalimbali, na maneno kama hayo huweza kuwasha moto usiozimika upesi. Jua likitua watu hurudi nyumbani na hasira, na asubuhi mikebe hurudi vile vile.

Si kwamba watu wa mkutano huo hawana akili. Kila mmoja ameona kipande cha jambo, na kipande chake huenda ni cha kweli. Lakini neno lililosemwa hupita, na anayesema kwa sauti kubwa ndiye anayekumbukwa. Jambo likichorwa mahali ambapo wote waweza kuliona, watu huacha kutazamana wao kwa wao, huanza kulitazama jambo lenyewe. Hiyo ndiyo faida ya michoro tunayotaka kuieleza mwezi huu. Haihitaji mashine wala fedha. Yahitaji karatasi kubwa au ubao, chaki, na subira.

MICHORO HII ILITOKA WAPI

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, viwanda vya Japani vilikuwa katika hali mbaya, na bidhaa zao nyingi hazikuwa na sifa njema katika masoko ya dunia. Mwaka 1950 walimwita Bwana W. Edwards Deming kutoka Marekani awafundishe namna ya kupima kazi kwa hesabu, na mwaka 1954 wakamwita Bwana Joseph Juran, pia wa Marekani. Wajapani walisikiliza vizuri, kisha wakaongeza elimu yao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Bwana Kaoru Ishikawa (1915–1989), mwalimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Mwaka 1943, alipokuwa akiwaeleza wahandisi wa chuma wa Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyoungana kuleta tokeo moja, alichora mstari mmoja mrefu wenye mistari mingine iliyoingia kwa pembeni. Mchoro huo ulifanana na mifupa ya samaki, na jina hilo likashika. Kuanzia mwaka 1962 wafanyakazi wa viwanda vya Japani walianza kukutana katika vikundi vidogo, wao wenyewe, ili watafute makosa ya kazi yao na kuyaondoa. Ishikawa aliamini kwamba vifaa rahisi, ambavyo mfanyakazi yeyote aweza kuvitumia, vyatosha kutatua sehemu kubwa ya shida za kazi. Japani ilipata sifa kubwa kwa ubora wa bidhaa zake, na vikundi hivi vilikuwa na sehemu katika sifa hiyo.

Basi kama fundi wa kiwanda aliweza, mkulima naye aweza. Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha wakulima wanaopeleka maziwa kwenye kituo kimoja. Hesabu za mfano huu tumezitunga ili ziwe rahisi kufuata, lakini shida zenyewe mtazitambua.

KWANZA: VIPANDE VYA KARATASI

Kabla ya kuchora, lazima kila mtu atoe alilo nalo. Mjapani mwingine, Bwana Jiro Kawakita (1920–2009), aliyefanya uchunguzi wa maisha ya watu katika milima ya Nepal, alipata njia nzuri ya kupanga mambo mengi yaliyochanganyikana. Kila jambo huandikwa katika kipande chake cha karatasi, jambo moja kipande kimoja. Kisha vipande vyote hutandazwa mezani, na watu huvisogeza kimya kimya mpaka vinavyofanana vikae pamoja. Mwishoni kila fungu hupewa jina.

Njia hii yafaa sana katika vyama vyetu. Mama aliyeolewa juzi, au kijana wa kazi anayekamua ng'ombe, hatasimama mbele ya wazee kusema kwamba ndoo haioshwi kwa maji ya moto. Lakini akipewa kipande cha karatasi asichoandika jina lake, atasema. Asiyejua kuandika na achore, au amnong'oneze karani. Msifanye haraka katika hatua hii.

PILI: MFUPA WA SAMAKI

Sasa chukueni karatasi kubwa. Upande wa kulia chora kichwa cha samaki, na ndani yake uandike shida yenyewe kwa maneno machache yanayopimika. Usiandike "Maziwa mabaya". Andika "Mikebe 50 ilirudishwa mwezi uliopita". Kutoka kichwani vuta mstari mrefu hadi mkiani. Huo ni uti wa mgongo. Juu na chini ya uti chora mifupa mikubwa mitano au sita. Mkulima wa nyanda za juu ambaye hakuzoea samaki na afikirie jani la mgomba, lenye ukuti mmoja katikati na mishipa pande zote mbili.

Kila mfupa mkubwa ni fungu moja la sababu. Kwa maziwa, mafungu haya hutosha: watu, vyombo, ng'ombe, njia ya kukamua, safari, na kupima. Kisha chukueni vipande vya karatasi vya hatua ya kwanza, mviweke kila kimoja kwenye mfupa wake.

Kwenye mfupa wa vyombo mtaona mitungi ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kuisugua. Plastiki hukwaruzika, na uchafu hujificha katika mikwaruzo hiyo. Mkebe wa alumini au chuma kisichoshika kutu, wenye mdomo mpana, ni bora zaidi. Kwenye mfupa wa ng'ombe mtaona ugonjwa wa kiwele, na ng'ombe aliyedungwa dawa ambaye maziwa yake yamepelekwa kabla siku za kungoja hazijakwisha. Kwenye njia ya kukamua kuna mikono isiyooshwa, na kukosa kukamua tone la kwanza katika kikombe cheusi ili kutazama kama lina mabonge. Kwenye safari kuna kuchelewa na jua kali. Kwenye kupima kuna laktomita iliyowekwa katika maziwa yenye joto, ambayo husoma chini kuliko ilivyo haki.

Kuna sheria moja isiyovunjwa: jina la mtu haliandikwi katika samaki. "Mchukuzi fulani ni mvivu" si sababu. "Maziwa hufika kituoni saa nne" ndiyo sababu, kwa maana yaweza kupimwa na kurekebishwa. Mkishika sheria hii, hata anayelaumiwa ataweza kuketi mkutanoni na kusema anayoyajua. Na lazima awepo.

TATU: HESABU KABLA YA HUKUMU

Samaki akiisha kuchorwa, watu wengi hudhani kazi imekwisha. La, bado. Samaki huonyesha mambo yanayoweza kuwa sababu. Hasemi lipi ni sababu kweli. Kwa hiyo kikundi hutengeneza karatasi ya kuhesabu na kuiacha kituoni kwa mwezi mmoja. Kila mkebe ufikapo, karani huandika saa uliyokamuliwa, saa uliyofika, aina ya chombo, na kama ulipokewa au ulirudishwa. Alama ni vijiti tu: vinne vimesimama na cha tano kimekata, kama tulivyofundishwa shuleni.

Angalieni hapa. Msihesabu mikebe iliyorudishwa peke yake. Kama mikebe yote iliyorudishwa ilikuwa ya plastiki, mwaweza kusema plastiki ndiyo adui. Lakini kama hata iliyopokewa ilikuwa ya plastiki kwa kiasi kile kile, basi bado hamjajua neno. Lazima mizani iwe na pande mbili.

Katika mfano wetu mwezi umekwisha, na mikebe 50 iliyorudishwa imepangwa hivi:

Maziwa yaliyochelewa safarini: 24
Vyombo vichafu au visivyofaa: 16
Ugonjwa wa kiwele: 5
Maziwa yenye maji: 3
Dawa ya ng'ombe: 1
Sababu nyingine: 1

Chora nguzo sita, ndefu kuliko zote kushoto, fupi kulia. Mkitaka, pangeni mbegu za maharagwe mezani badala ya kuchora, mbegu moja kwa mkebe mmoja. Hata mzee asiyesoma ataona. Nguzo mbili za kwanza zina mikebe 40 kati ya 50, yaani asilimia 80. Maji, ambayo yalikuwa kelele ya mkutano mzima, ni mikebe mitatu tu.

Mchoro huu huitwa mchoro wa Pareto, na hapa wakulima wetu wa Molo na Kinangop wasichanganyikiwe. Hausemi habari za ua la pareto tunalolima kwa dawa ya wadudu. Vilfredo Pareto (1848–1923) alikuwa mtaalamu wa uchumi wa Italia, aliyeonyesha kwamba mali nyingi imo mikononi mwa watu wachache. Bwana Juran, yule aliyekwenda Japani, aliona kwamba makosa ya kazi nayo hukaa hivyo hivyo: sababu chache huleta hasara nyingi. Akatumia jina la Pareto kuieleza kanuni hiyo.

Lakini msiifuate nguzo ndefu kama kipofu. Tazama ile nguzo fupi ya dawa ya ng'ombe. Ni mkebe mmoja tu. Hata hivyo mkebe huo ukipita bila kugunduliwa na kumwagwa katika tangi la kupozea, maziwa ya wakulima wote yamechafuka, tena yaweza kumdhuru anayeyanywa. Kwa hiyo chora nguzo mara mbili: mara ya kwanza kwa idadi ya mikebe, mara ya pili kwa hasara na hatari. Jambo lenye hatari kubwa halingoji zamu yake.

NNE: KULIZA KWA NINI MPAKA CHINI

Sasa tumejua kwamba kuchelewa ndiko kunakotuumiza zaidi. Maziwa yatokapo kiweleni yana joto kama la mwili, na vijidudu hupenda joto hilo. Kijidudu kinachogawanyika kila nusu saa huwa vijidudu 256 baada ya saa nne. Ndiyo sababu saa mbili za safari si sawa na saa nne.

Katika kiwanda cha magari cha Toyota, huko Japani, wafanyakazi walizoeshwa kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kukubali jibu. Sisi nasi tuulize.

Kwa nini maziwa huchelewa? Kwa sababu mchukuzi huondoka njia panda saa tatu na nusu.
Kwa nini huondoka saa tatu na nusu? Kwa sababu hungoja mikebe ya nyumba nne za mwisho.
Kwa nini nyumba hizo nne huchelewa? Kwa sababu hukamua saa mbili badala ya saa kumi na mbili.
Kwa nini hukamua saa mbili? Kwa sababu lazima kwanza mama aende mtoni kuteka maji ya kuosha ndoo na viwele.
Kwa nini maji hayako nyumbani? Kwa sababu nyumba hizo hazina pipa la kuwekea maji ya jioni.

Chora maswali haya kama ngazi, kila jibu chini ya lile la kwanza. Kisha tazama tulikofika. Mkutano ulitaka kumfukuza mchukuzi. Kama ungemfukuza, mchukuzi mpya angengoja pale pale njia panda. Shida ilikuwa mapipa manne ya maji, na mapipa manne ni jambo ambalo chama chaweza kulimaliza kwa mwezi mmoja.

Ni kweli kwamba si kila shida ina mzizi mmoja. Mara nyingine swali moja lina majibu mawili, na ngazi hugawanyika. Acheni igawanyike, ila kila jibu lichunguzwe kwa macho. Mtu na aende njia panda na saa yake, atazame. Jibu la kubahatisha hata likiandikwa vizuri ni la kubahatisha tu.

TANO: MTI WA KAZI

Hatua ya mwisho ni kupanga. Chora mti uliolala. Kwenye shina andika mnalotaka: "Maziwa yote yafike kituoni kabla ya saa mbili na nusu." Matawi makubwa ni njia za kufika hapo: maji yawepo nyumbani, kukamua kuanze saa kumi na mbili, mchukuzi aondoke saa moja na nusu bila kungoja. Matawi madogo ni kazi zenyewe. Endeleeni kugawanya mpaka kila tawi liwe kazi ambayo mtu mmoja aweza kusema, "Hiyo nitaifanya mimi."

Kando ya kila tawi dogo andika mambo matatu: nani, lini, na tutajuaje kwamba limefanyika. Kwa mfano: pipa la nyumba ya nne; mweka hazina wa chama; kabla ya tarehe 15; tutaliona limesimama. Kazi isiyo na mtu wala tarehe ni maombi tu.

Mwezi wa pili hesabu tena kwa karatasi ile ile, mchore nguzo mpya kando ya zile za kwanza. Kama nguzo ya kuchelewa imeshuka, vizuri. Sasa vyombo ndivyo vinavyofuata. Kama haikushuka, samaki wenu alikosa mfupa. Rudini mumtazame.

MAMBO YA KUANGALIA

Kikundi kisizidi watu kumi hivi, la sivyo wengine watasinzia. Lazima wawepo wenye kushika kazi kwa mikono yao. Katika nyumba nyingi anayekamua ni mama au kijana, lakini anayekuja mkutanoni ni baba. Samaki atakayechorwa na akina baba peke yao atakuwa na mifupa ya safari na bei tu. Chaki asiishike mwenyekiti, kwa sababu watu humwogopa mwenye chaki. Apewe mtu mwenye mwandiko safi na maneno machache. Mchoro ubandikwe ukutani kituoni, usifungiwe kabatini.

Tena msingoje shida itokee. Mti huu ni mzuri zaidi kabla ya msimu kuanza. Mkulima wa pareto hulipwa kwa nguvu ya dawa iliyomo katika maua, si kwa uzito peke yake. Basi kikundi na kikae kabla ya kuchuma, kichore: vichipukizi visichumwe kabla ya kufunguka, maua mabichi yasirundikwe yakapata moto, yakaushwe vizuri, magunia yawekwe mbali na unyevu. Kwa kila tawi, nani na lini. Wakulima wa viazi nao waweza kufanya vivyo hivyo kuanzia mbegu hadi ghala.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole tunavyo, mara nyingi vinakosa tu kukutana mahali pamoja. Chama chenye mikebe inayorudi na kikutane juma hili, kikiwa na chaki, na karatasi ya kuhesabu iwekwe kituoni kesho yake asubuhi. Bwana Shamba na ofisa wa mifugo wa eneo lenu wakialikwa watakuja kuketi nanyi, lakini samaki ni wenu, mchoreni wenyewe.